Nilimwambia kisimani mna jini, akaenda kumtolea salamu

Barua

Assalaam alaykum Bi Mwalimu,

Shikamoo. Nakuandikia usiku, watoto wamelala, na moyo wangu bado haujatulia kwa jambo la juzi. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Pemba, wilaya ya Micheweni, nalima mwani. Mume wangu ni baharia wa jahazi la mizigo, makao yake Unguja, huja nyumbani mara moja kwa mwezi, pengine hata miwili hupita. Hapa nakaa na mama mkwe, na shemeji yangu na mkewe.

Shida yangu ni mwanangu wa tatu. Ni mvulana wa miaka saba, yuko darasa la pili. Si mtoto mbaya, Bi Mwalimu. Hapigani, hachukui cha mtu, ukimtuma anakwenda. Lakini hatulii. Kila kitu ataka kujua ndani kina nini, na tangu anafungua macho mpaka anayafumba ni "kwa nini" juu ya "kwa nini". Mimi niliishia darasa la sita, majibu yake sinayo. Aliniuliza maji yakipwa yanakwenda wapi, nikamwambia nyangumi kayanywa. Wiki nzima akawa anakaa pwani kumngoja nyangumi ayarejeshe.

Msimu huu ami yake alianika karafuu jamvini, siku ya tatu, zimeshaanza kukauka vizuri. Mimi niko pwani. Kijana akachota ndoo mbili za maji akazimwagia zote. Kuulizwa, anasema: "Nilitaka kuona kama zitarudi kuwa mbichi. Mbona mchele ukiroweka unafura, na choroko zikiroweka zinaota?" Zilikuwa pishi kumi. Ami yake alimcharaza bakora mpaka mama mkwe akaja kumkingia kwa mwili wake.

Chuoni kwa Qur'ani nako hivyo hivyo. Mwalimu anawasomesha habari za Jibrili na mabawa yake, mwanangu anauliza: mabawa makubwa vile yaliingiaje mlangoni? Watoto wakacheka, akapigwa, akarudishwa nyumbani na maneno kwamba nimfunze adabu.

Sasa la juzi. Nyuma ya nyumba pana kisima cha zamani, pima saba, ukingo wake umebomoka upande mmoja. Tangu watoto wangu wadogo nawaambia humo mna jini mwenye nywele ndefu, huwala watoto wanaochungulia. Kaka zake wawili hawakusogea hata siku moja. Juzi alasiri narudi pwani na mzigo wa mwani kichwani, nikaziona kandambili zake karibu na kisima. Zimevuliwa, zimepangwa, moja kando ya mwenzake, kama mtu aliyeingia msikitini. Mwani sijui niliutupa wapi. Nilimkuta kalala kifudifudi kwenye ukingo ule ule mbovu, kichwa na mabega vimo ndani, kashika kamba ya usumba, na mwisho wa kamba kafunga tochi ya bibi yake, inawaka inazunguka kule chini. Namsikia anasema polepole: "Assalaam alaykum." Kimya. "Assalaam alaykum."

Nilimvuta kwa miguu. Akanitazama, akaniambia: "Mama, hayumo. Nimemtolea salamu mara tatu hakujibu. Nilikuwa narudi."

Nilimpiga. Nilimpiga mpaka mkono ukaniuma mimi, halafu nikakaa chini nikalia, na yeye akaja kunifuta machozi na mikono yake ya tope.

Mama mkwe anasema mtoto huyu ana shetani kichwani, apelekwe kwa mganga na anyweshwe kombe, yale maji ya kuoshea aya zilizoandikwa sahanini. Shemeji anasema bakora hazijamwingia sawasawa. Baba yake kwenye simu kasema, "Mwambie angoje nije." Tangu usiku ule mtoto anakojoa kitandani, na mchana yu kimya, haulizi kitu. Nilikuwa naomba Mungu anyamaze, na sasa kanyamaza naona kama nimempoteza.

Nifanye nini?

Mama wa watoto wanne, Micheweni


Jibu

Wa alaykumu salaam, mwanangu, na marahaba.

Kisima kwanza. Usimsubiri mumeo. Kifunikwe kwa mbao nene zilizogongomewa pamoja, na juu yake liwekwe jiwe ambalo wewe mtu mzima unalisukuma kwa mikono miwili. Bati peke yake halifai, mtoto akilikanyaga linabonyea na kwenda naye. Ukingo uliobomoka mwambie shemeji yako atafute fundi, na kama watu wengine wanateka hapo mwambieni sheha, kiongozi wa shehia yenu, ili kazi iwe ya wote. Fanya hilo kisha urudi kunisoma.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nasimama pale pale: kandambili zilizopangwa, na salamu mara tatu. Wewe uliona utundu, na mama yeyote angeona hivyo, kwa sababu mguu mmoja wa mtoto ulikuwa kaburini. Lakini mimi niliyekaa mbali naona mtoto aliyelelewa akaleleka. Umemfundisha kwamba mtu akifika kwa watu huvua viatu, hutoa salamu mara tatu, asipojibiwa hurudi. Ukamwambia kisimani mna mwenyewe. Akafanya kama ulivyomfunza. Kaka zake walikusadiki wakakimbia. Yeye alikusadiki akaenda kwa adabu za mgeni, na tochi mkononi.

Kilichonitia hofu ni neno lake moja: hayumo. Tangu juzi mwanao anajua jambo ambalo asubuhi yake hakulijua, kwamba mama akisema mahali pana hatari, yafaa kwenda kutazama mwenyewe. Nyangumi hakurejesha maji. Jini hakujibu salamu. Mara ya tatu utamwambia usiguse waya ule, na wewe utakuwa unasema kweli, naye atakuwa na kila sababu ya kwenda kuhakikisha.

Sisemi majini hayapo. Qur'ani imeyataja na sote tunaamini. Nasema huyu wa kisimani hukumuona wewe wala mimi. Ulimsimamisha pale awe mlinzi kwa kuwa uko peke yako, watoto wanne, na maji yakipwa huna budi kwenda pwani. Nimezaa sita na ninajua uongo wa aina hiyo unavyorahisisha mchana mmoja. Kwa watoto wengine unapita salama. Mtoto mdadisi hapitiwi nao, kwa sababu yeye neno halimtoshi mpaka alione.

Basi mwambie kweli. Kweli ya kisima inatisha kuliko jini. Pima 7 ni zaidi ya mita 12, karibu na urefu wa mnazi wa makamo. Aangukaye humo hapati maji tu, anagonga mawe njia nzima. Akipiga kelele, sauti inabaki ndani. Na kisima cha zamani huweza kuwa na hewa mbaya chini isiyovutika, ndio maana wachimbaji wanaojua kazi yao huteremsha kwanza taa ya moto, na ikizimika hawashuki. Mweleze hivyo, kwa sauti ya kawaida, kama unavyozungumza na mtu mzima. Halafu mwonyeshe. Chagua saa nne za asubuhi, jua kali, shemeji yako afunue. Mkamateni kiunoni nyinyi wawili, kwenye ule upande mzima wa ukingo, na yeye mpeni kioo cha kujitazamia alielekeze jua ndani. Kioo kidogo tu kinapeleka mwanga mpaka kwenye maji. Ataona mawe yalivyojengwa, ataona chura, pengine ataiona na ndoo iliyokatika kamba mwaka juzi. Mwacheni atazame mpaka achoke yeye. Kisha funikeni, aone jiwe linavyorudi juu. Lile swali lililomlaza kifudifudi pale litakuwa limejibiwa, na hatakuwa na haja ya kurudi peke yake.

Nikupe mfano mwingine wa huko huko kwetu. Mvua zikinyesha na vidimbwi vikajaa, watoto wetu tunawazuia kwa kuwaambia mna chunusi, yule jini wa majini anayezamisha watu. Na kweli hatari imo, ila ni ya kichocho, na hadithi yake ni ya ajabu kuliko chunusi yeyote. Mwenye maradhi akikojoa kwenye maji yale, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinamtafuta konokono mdogo wa majini, vinaingia ndani yake na kuzaliana humo, kisha vinatoka kwa wingi kuogelea. Mtoto akiingia maji vinapenya ngozi yake. Si lazima ayanywe wala awe na kidonda, ngozi nzima vinaipenya. Baadaye mkojo unatoka na damu. Vidonge vya prazikwanteli wanavyopewa skuli ni vya hilo. Mweleze mwanao habari ya konokono huyo, utaona atakavyowahubiria wenzake wasiingie kwenye kidimbwi, na wasikojoe humo.

Najua utasema: haya unayajua wewe mwalimu, mimi nimeishia darasa la sita. Ngoja nikueleze kitu ambacho sijawahi kukiandika.

Mwaka 1991 nilikuwa nasomesha darasa la tatu, watoto zaidi ya sitini chumba kimoja, joto, nina mimba. Somo lilikuwa majina ya visiwa. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, Pemba inaelea au imesimama?" Darasa likaangua kicheko. Nilidhani ananifanyia mzaha. Nilimpigisha magoti mpaka kengele ya mapumziko, kwenye sakafu ya saruji iliyochimbika. Alisoma mbele yangu na mbele ya wenzangu mpaka darasa la saba, na sikusikia tena akiuliza jambo. Miaka mingi baadaye nilishuka gatini Mkoani, mwanamme mzima akanikimbilia kunipokea mkoba, "Shikamoo Mwalimu", kwa heshima zote. Ni yeye. Mkoba nilimpa, lakini uso wake sikuweza kuutazama.

Jibu la swali lake nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima. Unguja imekaa kwenye bahari fupi, kati yake na Bara kina hakizidi sana mita 50. Zamani sana, zama za barafu, bahari iliposhuka, Unguja ilikuwa imeungana na Bara, watu na wanyama wakipita kwa miguu. Pemba siyo. Kati yetu na Tanga pana mkondo wenye kina cha karibu mita 800. Kisiwa chetu kimesimama peke yake kwa muda mrefu mno, na ndio sababu tuna wale popo wakubwa wa Kidike ambao hawako pengine popote duniani ila hapa Pemba. Kijana wangu hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa ameuliza swali zuri kuliko somo nililokuwa nikilisomesha, na sikulijua jibu, na badala ya kusema sijui nikampa magoti.

Kwa hiyo neno la kwanza la kumjibu mtoto wako, mwanangu, unalo tayari: "Sijui. Twende tukatazame." Halihitaji cheti.

Na yako mengi ambayo unayajua kuliko mimi. Kakuuliza maji yanakwenda wapi, ukamtajia nyangumi, nawe ni mkulima wa mwani! Nani anayejua maji kuliko wewe? Unajua bila ya saa kwamba yanapwa mara mbili kwa usiku na mchana, kwamba kila siku yanachelewa kuliko jana, karibu dakika 50. Unajua bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa sana, linakuja mwezi ukiandama na tena ukiwa mpevu, na ndipo unapofika kwenye vigingi vya mbali, na kwamba katikati yake ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Hayo ndiyo majibu. Kilichobaki ni kumwambia kwamba mwezi unayavuta maji ya bahari, na jua nalo linavuta, na siku ambazo vyote viwili vinavuta kwa mstari mmoja ndipo bamvua linapokuwa kubwa. Maji hayanywewi na mtu. Yanapopungua kwetu yamesogea kwengine, kisha yanarudi.

Siku asiyokuwa na skuli mchukue. Mpe kijiti, akichome pale maji yalipofikia, na siku ya pili akichome kingine. Mpe daftari aandike saa. Mkabidhi kazi ya kukwambia wewe, "Mama, leo maji saa ngapi?", na umuulize kweli, mbele ya bibi yake. Umuwekee mpaka anaouona kwa macho, mwisho wa vigingi vyako, asivuke bila wewe, na umwambie sababu: maji yakianza kujaa hupita nyuma yako kwanza kwenye mkondo kabla hujayaona mbele. Hilo nalo unalijua kuliko mimi.

Nyumbani mtafutie kasha moja liwe lake. Humo tia vibovu: kufuli lililokufa, tochi mbovu, saa ya ukutani iliyosimama, na msumari bapa wa kufungulia. Afungue, afunge, apoteze skrubu, ni mali yake. Zile betri ndogo za duara kama kifungo zitoe kabla hujampa, kwani mtoto akiimeza moja inaweza kumchoma koo ndani ya saa chache, na ikitokea ni hospitali dakika hiyo hiyo. Kitu cha umeme wa ukutani hakiingii kwenye kasha, hata kiwe kimechomolewa. Akikuuliza umeme wenyewe unatoka wapi, hilo nakupa mimi: unatoka Tanga, kwa waya mnene uliolazwa chini ya bahari, kwenye ule ule mkondo niliokwambia, tangu mwaka 2010. Mkae naye barazani usiku mmoja mkiwaza huo waya.

Tuje kwa ami yake, maana yeye kadhulumika na katika nyumba hili mnalipita haraka. Pishi kumi za karafuu ni jasho. Mtu kapanda mkarafuu kwa matawi yake yanayokatika ghafla, kachambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, usiku, kaanika, kaanua, na karafuu zilizorowa rangi inaharibika na daraja la kuuzia ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, linashuka. Bakora hazikumrudishia hata kibaba. Mtoto amlipe. Kwa muda uliobaki wa msimu, kila siku akitoka chuoni akae na ami yake achambue karafuu kiasi mtakachokubaliana, na wingu likitanda yeye ndiye wa kwanza kukimbilia jamvi kuanua. Amuombe radhi kwa mdomo wake. Na wewe mtangulie kumuomba shemeji yako radhi, umsikilize akilalamika mpaka amalize. Mtoto akishachambua karafuu siku ishirini atajua pishi ni nini, na ami yake atakuwa amekaa siku ishirini karibu na maswali yake. Sidhani kama huyo bwana atatoka humo akiwa mtu yule yule.

Kuhusu chuoni, usiende na ugomvi. Mwalimu yule ana watoto wengi na analipwa kidogo. Nenda na salamu, mwambie mtoto hakukusudia kejeli, anataka kujua. Na jibu lenyewe si gumu kwa msomi: Jibrili alipomjia Mtume, rehema na amani zimfikie, mara nyingi alikuja kwa sura ya binadamu, na masahaba walimuona siku moja kama mtu wa nguo nyeupe pepe na nywele nyeusi, akakaa goti kwa goti na Mtume, akauliza maswali. Malaika mwenyewe alikuja kuuliza, na watu wakafunzika kwa maswali yake. Na Nabii Ibrahimu alimuomba Mola wake amuonyeshe vipi anafufua wafu. Aliulizwa, kwani huamini? Akasema naamini, ila moyo wangu upate kutua. Hakupigwa. Alionyeshwa.

Baba yake mpigie simu leo. Usimpe tena orodha ya makosa, kwani mtoto anayengoja mwezi mzima kupigwa na baba amefanywa amuogope kila chombo kifikapo, na mume wako naye amefanywa mgeni anayeletwa kwa kazi ya bakora tu. Mhadithie ile salamu kama ulivyonihadithia mimi, neno kwa neno. Mwambie akifika asimpige, kosa hilo limeshaadhibiwa. Akitaka kumuadabisha amchukue bandarini, amuonyeshe jahazi linavyopangwa mizigo lisipinduke. Na shemeji yako ajue kwamba Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamwachia mzazi amuadabishe mwanawe, lakini si kwa namna ya kumdhuru mwili wala akili. Kumcharaza mpaka bibi akinge kwa mwili wake kumeshavuka hapo. Anas, aliyemhudumia Mtume miaka kumi tangu utotoni, alisema hakusikia kwake hata "ah", wala kuambiwa kwa nini umefanya hivi. Sote tunaisoma hadithi hiyo kila Maulidi, kisha tunarudi nyumbani kushika fimbo, na mimi ni miongoni mwao.

Mama mkwe wako usimvunje. Alimkinga mtoto kwa mwili wake, huyo ni mtu wa kushikana naye. Akitaka kumsomea dua mjukuu wake, amsomee, hakuna mtoto aliyezidiwa na dua. Lakini mtoto asiambiwe, wala asisikie nyuma ya mlango, kwamba ana shetani. Ana miaka saba, atalibeba. Kesho akiwa na swali zuri kichwani atadhani ni la shetani. Asifukizwe moshi, asipelekwe kwa mtu wa kumchapa ili "kitoke".

Kukojoa kitandani baada ya fadhaa hutokea, na mara nyingi hupita wenyewe. Usimkemee, usiwaruhusu kaka zake kumcheka, badilisha shuka kimya kimya na umuamshe mara moja kabla wewe hujalala. Lakini ukiona mkojo una damu, au anaumia akikojoa, au wiki zinapita na haachi, mpeleke kituo cha afya, na ukumbuke niliyosema juu ya kichocho. Mpeleke pia kama unaona hawezi kukaa hata kwa kile anachokipenda, au hasikii vizuri akiitwa kwa nyuma, au analiumiza paka kwa makusudi. Katika barua yako sikuyaona hayo. Mtoto anayengoja nyangumi wiki nzima anao utulivu mwingi, ila anautumia pale penye jambo lake.

Umesema kanyamaza. Hapo ndipo nilipoliona lile goti la saruji la mwaka 1991, na ndiyo sababu barua yako nimeitanguliza mbele ya zote. Usingoje asahau. Usiku huu, akiwa kitandani, kaa naye umwambie mambo mawili: kwamba ulimpiga kwa sababu uliogopa atakufa, na kwamba ulimdanganya kuhusu jini wa kisimani na kuhusu nyangumi, na hutarudia. Najua ni zito kwa mzazi kumwambia mtoto maneno hayo. Kijana wangu wa Mkoani sikumwambia, mpaka leo.

Na swali lake la karafuu nani kamjibu? Naona hakuna. Mwambie Bi Mwalimu kasema hivi: mchele hufura kwa kunywa maji, lakini ushakobolewa na hauoti tena. Choroko huota kwa kuwa ni mbegu, ndani yake uhai umelala. Karafuu si mbegu, ni ua lililochumwa kabla halijachanua, na jua likishalikausha uhai wake umekwisha, maji yatalifurisha kidogo tu. Lakini asiniamini hivi hivi. Amuombe ami yake karafuu kumi, amuombe kwa adabu, azitie kwenye glasi ya maji safi. Karafuu nzuri yenye mafuta yake huzama au husimama wima, kichwa juu. Iliyochakaa hulala ubavu juu ya maji. Ahesabu zilizosimama na zilizolala, azichore, na barua ya safari hii aiandike yeye mwenyewe.